Anayelipa Siye Anayejifunza: Uzamili wa Teknolojia ya Elimu na Ujasiriamali

Vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vimejenga shahada ya uzamili juu ya mambo matatu: teknolojia ya elimu, ubunifu na ujasiriamali. Kitivo cha elimu cha Harvard kilikuwa kwa miaka mingi na programu ya Teknolojia, Ubunifu na Elimu, kisha kikaipanga upya mwaka 2021. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina programu ya ujasiriamali wa elimu, kwa wanaotaka kuanzisha kampuni, asasi au shule. Ada za vyuo hivyo ni makumi ya maelfu ya dola. Huku kwetu msingi upo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya mawasiliano na teknolojia ya elimu, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu miaka ya 1990. Linalobaki ni kuamua kama tunaihitaji shahada ya namna hii, kwa ajili ya nani, na ndani yake tuweke nini.

Mimi naona tunaihitaji. Nikisoma muhtasari wa masomo ya programu hizo, hata hivyo, naona zimejengwa juu ya soko ambalo shule zetu hazina. Mwanafunzi hufundishwa kumtafuta mteja, kujua shida yake, kumtengenezea kitu na kumwuzia. Anayenunua sukari dukani ndiye anayekunywa chai. Ikiwa mbaya, kesho anahamia duka jingine. Shuleni kazi hiyo imegawanywa kwa watu watano au sita. Mtoto wa darasa la pili ndiye anayejifunza, lakini hachagui chochote. Mwalimu ndiye anayekitumia kifaa, mwalimu mkuu anaruhusu kiingie darasani, na taasisi ya mitaala, TET kwa Tanzania au KICD kwa Kenya, inaangalia kama maudhui yanaendana na mtaala. Fedha zinatoka hazina, kwa mfadhili, au mfukoni mwa mzazi aliyekwisha kulipa michango mingine mitatu muhula huohuo. Kila mmoja ana kipimo chake cha kuridhika, na kipimo cha mtoto, yaani kama amejua kusoma, ndicho kinachokuja mwisho, kama kinakuja. Karibu kila jambo kubwa lililotokea katika teknolojia ya elimu Afrika Mashariki, la kufaulu na la kushindwa, linaelezeka kwa pengo hilo kati ya anayelipa na anayejifunza.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kenya. Katika kampeni ya uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilikwama kwenye mabishano ya kisheria, na mradi ulipoanza kwa kweli mwaka 2016 vifaa vilikuwa vishikwambi, vikitengenezwa na kuletwa na miungano miwili iliyoshirikisha vyuo vikuu vya Moi na JKUAT pamoja na kampuni za nje. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya elfu 20. Kwa upande wa usambazaji hiyo ni kazi kubwa, na iliambatana na kupeleka umeme shuleni, jambo ambalo lina faida yake. Lakini mlipaji wa mradi huu alikuwa mwanasiasa mwenye ahadi ya kutimiza, na ahadi yake ilikuwa idadi ya vifaa. Kifaa kikishapokewa na kutiwa sahihi, ahadi imetimia. Kuna shule ambazo vishikwambi vilibaki kabatini kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa kuulizwa vikiibwa. Simlaumu hata kidogo. Mfumo ulimpa dhamana ya mali bila kumpa dhamana ya somo.

Tanzania tulikuja kufanya jambo linalofanana kwa njia nyingine. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa walimu. Uamuzi ulikuwa wa busara kifedha, maana vifaa vilikwisha nunuliwa. Lakini karani wa sensa alipewa kishikwambi akiwa na dodoso ndani yake, mafunzo na msimamizi wa kumfuatilia kila siku. Mwalimu alipewa kifaa. Bando anajinunulia. Hapo ndipo mhitimu wa shahada ninayoizungumzia angekuwa na kazi ya kufanya: kukaa na ofisi ya elimu ya halmashauri na kuuliza ni kitu gani hasa, katika kipindi kipi, kinapaswa kubadilika kwa sababu kishikwambi kipo mezani.

Sasa tuje Tanga, kwa sababu huko lilifanyika mojawapo ya majaribio makubwa ya teknolojia ya elimu kwa Kiswahili. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, yenye zawadi ya jumla ya dola milioni 15, yalizitaka timu kutoka pande zote za dunia zitengeneze programu ambayo mtoto angeweza kuitumia peke yake, bila mwalimu, akajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu tano zilizofika fainali zilijaribiwa katika vijiji zaidi ya 140 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000, kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Vishikwambi vilitolewa na Google na kuchajiwa kwa umeme wa jua. Waandaaji waliripoti kwamba karibu robo tatu ya watoto hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School ya Enuma, zilitangazwa washindi wa pamoja wakagawana dola milioni 10.

Matokeo hayo nayaheshimu. Mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumsomea kitabu nyumbani, akakaa chini ya mwembe na kifaa akajifundisha silabi, ni jambo ambalo miaka thelathini iliyopita lingeonekana ndoto. Lakini mwanafunzi wa uzamili anapaswa kuyasoma kwa jicho jingine pia. Nusu ya waliokuwa hawasomi walibaki hawasomi, baada ya miezi 15, wakiwa na programu zilizochujwa kutoka pande zote za dunia. Na zawadi ilipokwisha kutolewa, kazi ya aliyelipa ilikuwa imekwisha: alilipia jibu la swali lake, akalipata. Chanzo cha programu kiliachwa huria kwa yeyote kukitumia, hilo ni jema, ila chanzo huria hakichaji kifaa wala hakibadilishi kioo kilichopasuka.

Kilichofuata ndicho kinachonifundisha zaidi. Programu ya onebillion iliendelezwa Malawi, ambako ilikuwa na mizizi kabla ya Tanga, na huko iliingizwa ndani ya shule, kwa kipindi kifupi kila siku, mwalimu akiwa msimamizi na serikali ikiwa mwenye mradi. Huko mtoto hakuachiwa kifaa bila mwalimu, na serikali ikakubali kuipanua programu hiyo kitaifa. Mjasiriamali wa elimu anapaswa kuifahamu safari hiyo hatua kwa hatua, kuanzia zawadi ya mashindano hadi kwenye ratiba ya shule ya umma.

Ndiyo maana nadhani somo zito kuliko yote katika shahada hii liwe la kupima. Afrika Mashariki ina hazina ya tafiti ambazo wanafunzi wa Marekani husomeshwa na wa kwetu mara nyingi hawajazisikia, ingawa zilifanyika Busia, Kisumu na katika wilaya za Tanzania. Huko magharibi mwa Kenya, Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na wenzake walichunguza shule 178, nusu yake zikiwa zimepewa chati za ukutani za kufundishia. Ukilinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, kama takwimu za kawaida zinavyofanya, chati zinaonekana kuinua sana alama. Shule zilipochaguliwa kwa bahati nasibu, athari haikuonekana. Shule yenye chati, kumbe, huenda ilikuwa tayari na mwalimu mkuu mwenye bidii na wazazi wenye uwezo. Utafiti mwingine wa eneo hilohilo ulionyesha kwamba vitabu vya kiada viliwasaidia wanafunzi waliokuwa mbele tayari. Wengine hawakuweza kuvisoma, maana viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Weka neno kishikwambi mahali pa kitabu na chati, na utakuwa umeokoa fedha nyingi.

Tanzania nayo tuna utafiti wa KiuFunza, uliofanyika 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya kumi. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya fedha kwa kila mwanafunzi, katika baadhi walimu waliahidiwa motisha ya fedha kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu, na baadhi zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Ruzuku na motisha vilipokwenda pamoja, alama zilipanda, zaidi ya jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Swali basi ni hili: nani anajali kitakachotokea kwa kile kilicholetwa? Nalisisitiza kwa sababu ndilo ambalo vitini vya ujasiriamali hulisahau.

Kisumu kulifanyika ulinganisho ambao ningeufanya usomwe na kila mwombaji kabla hajakubaliwa. Chini ya mradi wa kusoma wa PRIMR, shule zote husika zilipata mafunzo ya walimu, vitabu na ufuatiliaji. Kisha baadhi zikaongezewa vishikwambi kwa maofisa wanaotembelea walimu, nyingine vishikwambi kwa walimu wenyewe, nyingine visomeo vya kidijitali kwa wanafunzi. Watoto wa makundi yote waliendelea vizuri kuliko wa shule za kawaida. Lakini vifaa havikuongeza kitu cha maana juu ya kile kilicholetwa na mafunzo, vitabu na ufuatiliaji, na kadiri kifaa kilivyosogea karibu na mtoto ndivyo gharama ilivyopanda. Programu ya Tusome, iliyoenea Kenya nzima kuanzia 2015, ikachukua funzo hilo: kishikwambi akapewa ofisa anayemtembelea mwalimu, kikawa na orodha ya kuangalia somo na kipimo kifupi cha kumsikiliza mtoto akisoma. Teknolojia ilijificha nyuma ya mwalimu. Haikuwa na picha nzuri ya kupiga siku ya uzinduzi, na sidhani kama kampuni yoyote ingeitengeneza kwa kufuata soko.

Wapo watakaosema nawaonea wabunifu, kwamba bila majaribio ya kibiashara tungebaki pale pale. Hoja ina uzito, na Bridge International Academies ndiyo kesi yake ngumu. Kampuni hii ilifungua shule yake ya kwanza katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, mwaka 2009: ada ndogo, majengo rahisi, mwalimu akifuata somo lililoandikwa neno kwa neno kwenye kifaa mkononi. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliofuatilia watoto waliopata ufadhili kwa bahati nasibu, uliona kwamba wa shule ya msingi walipata, kwa miaka miwili, faida inayokaribia mwaka mmoja zaidi wa masomo. Ni matokeo makubwa, na anayeyapuuza kwa sababu hapendi kampuni hatendi haki. Uganda, kwa upande wake, iliamuru shule hizo zifungwe, na Mahakama Kuu ikakubaliana na serikali mwaka 2016 kwa hoja za usajili na viwango. Shirika la IFC la Benki ya Dunia, lililokuwa mwekezaji, lilijiondoa mwaka 2022, wakati malalamiko kuhusu usalama wa watoto yakichunguzwa na ofisi yake ya uwajibikaji. Alama za mtihani zilipanda, na bado mfumo ulianguka kwenye leseni, majengo, ulinzi wa mtoto na heshima ya mwalimu. Darasa la uzamili likikaa wiki mbili na kesi hii pekee, halitakuwa limepoteza muda.

Fedha za wawekezaji zenyewe zina kasi isiyoendana na shule. Mtoto huhitaji miaka mitatu kujua kusoma kwa ufasaha. Mwekezaji hutaka watumiaji waongezeke mara mbili kufikia Desemba. Byju's ya India ilithaminiwa dola bilioni 22 mwaka 2022, na kufikia 2024 ilikuwa katika mchakato wa ufilisi. Hata biashara ya kuuza shahada za uzamili mtandaoni haikupona. Kampuni ya 2U ya Marekani, iliyoanzishwa 2008 na kuanza kwa kuendesha mtandaoni shahada ya ualimu ya Chuo Kikuu cha Southern California, ilikuwa ikichukua takriban asilimia 60 ya ada katika mikataba yake. Mwaka 2021 iliinunua edX kwa dola milioni 800, na Julai 2024 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Shahada ya mtandaoni haikuwa nafuu kwa sababu sehemu kubwa ya ada ililipia matangazo ya kumtafuta mwanafunzi mwingine.

Kwetu waliofika mbali ni wale waliotafuta mlipaji mwingine, au wakatumia njia iliyokuwa tayari ndani ya nyumba za watu. Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ilianza kurusha Ubongo Kids kupitia televisheni ya taifa TBC1 mwaka 2014. Mtoto anaangalia bure, na gharama zinabebwa kwa ruzuku na ubia. Eneza ya Kenya ilipeleka maswali na majibu kwa ujumbe mfupi kwa wenye simu za kitochi, kupitia mtandao wa Safaricom, kabla simu janja hazijaenea. Hakuna kati ya hizo iliyohitaji kifaa kipya.

Na hapo ndipo ninaposikitika kwamba vitabu vya historia ya fani hii huanza na mashine ya kufundishia ya mwanasaikolojia Skinner na kuishia Silicon Valley. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: vipindi vya redio, vijitabu, na vikundi vya kusikiliza vijijini vikiongozwa na watu waliofunzwa, wapatao 75,000. Takriban watu milioni mbili walishiriki, na vikundi vilitoka kwenye redio kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Chombo kilikuwa kimoja, rahisi, kinachosikika popote; ufundi mkubwa ulikuwa katika kupanga vikundi. Zanzibar walikuja kuitumia redio kwa watoto wa elimu ya awali, kipindi kikisimama kumsubiri mtoto ajibu. Huo ni urithi wa kitaaluma. Nyaraka zake zingali zinaweza kupatikana, na baadhi ya waliouendesha wangali hai wa kuhojiwa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanzie hapo.

Basi shahada yenyewe ningeipangaje? Ningeliondoa neno ubunifu kwenye jina, kwa kuwa halifundishiki kama somo na huwa kifuniko cha yote yasiyoelezwa. Theluthi nzima ya masomo ningeipa ujifunzaji wa watoto: jinsi mtoto wa Kiswahili anavyotoka kwenye silabi hadi neno refu lenye viambishi, na kwa nini programu ya kusoma iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza humpotezea muda kwa tahajia ambazo hana haja nazo, kisha ikamwacha mbele ya neno kama "watakapotufikia" bila msaada. Ningeweka hesabu za mwanzo, na lugha ya kufundishia pale mtoto wa Tanzania anapohama kutoka Kiswahili cha msingi kwenda Kiingereza cha sekondari. Theluthi ya pili ni kupima, kwa takwimu za kweli za shule za kweli. Akili mnemba ingekaa humo, kama kitu kingine cha kupimwa. Haihitaji kozi yake.

Theluthi ya mwisho ndiyo ujasiriamali, na huu ningeutetea dhidi ya walimu wenzangu wanaouona kuwa ni uchuuzi. Ufundishwe kama uchumi wa shule: bajeti ya halmashauri inapangwa lini, ruzuku ya uendeshaji inaruhusu matumizi gani, zabuni ya serikali inaandikwaje, idhini ya maudhui inachukua njia gani, kifaa kikiharibika mwaka wa tatu fungu la matengenezo litatoka wapi. Vijana wengi wenye programu nzuri wamekwama hapo, wakiwa na medali za mashindano na barua za pongezi, bila shule hata moja inayowalipa. Kumfundisha mtu kuzungumza dakika tano mbele ya wawekezaji ni rahisi. Kumfundisha kumshawishi ofisa elimu wa wilaya mwenye shule nyingi na gari moja bovu, na akawa na hoja ya kweli ya kumpa, kunahitaji mwaka.

Mwaka huo utumike mahali mahususi. Badala ya wazo la biashara linalowasilishwa ukumbini, kila mwanafunzi apangiwe kata moja, afanye kazi na ofisa elimu kata na walimu wa shule zake, na tasnifu yake ijibu kama watoto wa kata ile wamesoma vizuri zaidi na kwa gharama ya nani. Miongoni mwa watahini awepo mwalimu mkuu mmoja wa kata hiyo, mwenye haki sawa ya kutoa alama. Sifa ya kujiunga iwe miaka isiyopungua mitatu darasani au katika kazi inayomgusa mtoto moja kwa moja; mtaalamu wa kompyuta asiyewahi kufundisha aanze kwa muhula mzima wa mazoezi ya kufundisha darasa la kwanza.

Ada ndiyo inayonipa wasiwasi. Chuo kikiitegemea ada, kitawapokea wanaoweza kulipa, na wanaoweza kulipa mara nyingi ni wale ambao mashirika yao yanawadhamini na yanatarajia wapande vyeo ofisini. Mwalimu wa shule ya msingi wa Handeni au Kakuma hatakuwemo. Wizara ya elimu ikilipia nafasi ishirini kila mwaka, kwa sharti kwamba mhitimu arudi halmashauri kwa miaka mitatu akiwa na cheo na bajeti ndogo ya kujaribia, gharama yake itakuwa ndogo mno ikilinganishwa na ununuzi wa vifaa wa mara moja, na kila ununuzi utakaofuata utakuwa na mtu ndani ya serikali anayejua la kuuliza kabla mkataba haujasainiwa.